Mkono wa Pili Ndani ya Utumbo

Saratani ya utumbo mpana na puru inashika nafasi ya tatu duniani kwa idadi ya watu inaowapata, na ya pili kwa idadi ya inaowaua. Kwa mwaka 2022 pekee, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9 na vifo zaidi ya 900,000. Vifo hivyo vinauma zaidi ukijua kwamba ugonjwa huu, tofauti na saratani nyingi, huwa unatoa muda mrefu wa kuukamata. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo kwenye utando wa ndani wa utumbo, kisicho na maumivu wala dalili, kikakaa hapo miaka kumi au zaidi kabla ya kugeuka kuwa saratani. Kikitolewa katika muda huo, saratani ambayo ingetoka kwenye kinyama hicho haiji.

Hilo si la kubahatisha. Mwaka 1993, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Sidney Winawer wa New York walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 1,418 walioondolewa vinyama kwa kipimo cha kamera. Saratani iliyojitokeza kati yao baadaye ilikuwa pungufu kwa asilimia 76 hadi 90 kulinganisha na makundi waliyoyatumia kama kipimo. Tangu hapo, mjadala haukuwa tena juu ya kutoa vinyama au kuviacha. Ulihamia kwenye namna ya kuvitoa, hasa vile vikubwa, vipana na vilivyolala bapa, ambavyo ndivyo vyenye hatari zaidi na ndivyo vinavyomtoa daktari jasho.

Hapo ndipo roboti inapoingia. Wahandisi na madaktari wa Singapore, Strasbourg, Houston na China wamekuwa wakitengeneza mashine zinazopita kwenye njia ya haja kubwa, zikiwa na mikono midogo ya kushika na kukata, ili kinyama kitolewe kikiwa kizima bila kumpasua mgonjwa tumbo. Habari zao huandikwa kwa shauku kubwa. Mimi naona swali la kujiuliza kabla ya kushangilia ni hili: mashine hiyo inaondoa ugumu gani hasa, na ni ugumu wa nani? Jibu langu ni kwamba inaondoa ugumu wa kweli kabisa, lakini ugumu huohuo una tiba nyingine ya bei nafuu, na nchi zetu zingefanya vyema kuanza na hiyo nafuu.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwaka 1969, katika hospitali ya Beth Israel mjini New York, Hiromi Shinya na William Wolff walianza kutoa vinyama vya utumbo mpana kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya bomba la kamera. Kitanzi huvishwa shingoni mwa kinyama, hukazwa, umeme hupitishwa, kinyama hukatika na kidonda hukauka palepale. Kabla ya hapo, kinyama kilichokuwa juu kwenye utumbo kilimaanisha kupasuliwa tumbo. Leo kitanzi hicho ni kazi ya kila siku katika vyumba vya endoskopi. Mgonjwa hunywa lita kadhaa za dawa ya kusafisha tumbo, hukesha chooni usiku, asubuhi hulala ubavu wa kushoto, hupewa dawa ya usingizi mwepesi, na mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kitanzi hakishindwi na kinyama chenye kikonyo. Kinashindwa na kile kilichotandaa ukutani, labda sentimita tatu au tano kwa upana, kisichokuwa na shingo ya kukabwa. Kwa hicho madaktari walibuni mbinu ya kudunga maji ya chumvi yenye rangi ya buluu chini ya utando, ili kinyama kinyanyuke na kujitenga na msuli wa utumbo ulio chini yake. Kikishanyanyuka, hukatwa kwa kitanzi kipande baada ya kipande hadi kiishe. Kwa kifupi njia hiyo huitwa EMR. Ni ya haraka, haina hatari kubwa, na imewaokoa wengi wasifike kwenye meza ya upasuaji.

Ila ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba kinyama kilichokatwa vipande hurudi. Mabaki madogo yasiyoonekana kwa macho hubaki pembezoni mwa kidonda, na baada ya miezi sita mgonjwa mmoja kati ya watano au sita hukutwa kinyama kimeota tena palepale. Kasoro ya pili watu wengi hawaijui, kwa sababu hutokea kwenye maabara ya patholojia, mbali na chumba cha mgonjwa. Kinyama kikifika maabara kikiwa kizima, hutandazwa juu ya kipande cha koki, hubanwa kwa pini pembe zote, huwekwa kwenye formalini, kisha hukatwa vipande vyembamba vya milimita mbili au tatu na kusomwa kwenye hadubini kimoja kimoja. Mpatholojia anataka kujua mambo mawili: je, ukingo wote ni safi? Na kama kuna saratani ndani yake, imezama kiasi gani? Kwa mujibu wa miongozo ya Japani, saratani ikizama chini ya milimita moja kwenye submukosa, tabaka lililo chini ya utando, na dalili nyingine zikiwa nzuri, mgonjwa anaweza kuhesabiwa amepona. Ikizidi milimita moja, uwezekano wa kuwa imeshafika kwenye tezi za limfu unapanda, na upasuaji hujadiliwa. Maamuzi ya kukata au kutokata sehemu ya utumbo wa mtu yanategemea milimita moja. Sasa mletee mpatholojia vipande saba vilivyochanganyika ndani ya chupa. Ukingo ni upi? Kina kinapimwa kuanzia wapi? Hana la kujibu, na mgonjwa anaweza kupelekwa kupasuliwa kwa kukosa uhakika tu.

Wajapani ndio waliolipatia ufumbuzi jambo hili, ingawa walianzia tumboni na si kwenye utumbo mpana. Saratani ya tumbo ilikuwa nyingi kwao, na kampeni zao za uchunguzi ziliigundua ikiwa changa. Katika miaka ya 1990, madaktari wa Kituo cha Taifa cha Saratani walitengeneza kisu cha umeme chenye kipira kidogo cha kauri nchani, ili kikate kwa ubavu bila ncha yake kutoboa ukuta. Kwa kisu hicho walikata utando kuuzunguka ugonjwa wote, kisha wakapita chini yake, ndani ya submukosa, wakiutenganisha na msuli hadi ukatoka ukiwa kipande kimoja. Hiyo ndiyo ESD. Bima ya afya ya Japani ilianza kuilipia kwa tumbo mwaka 2006, kwa umio 2008, na kwa utumbo mpana 2012. Kupita kwa miaka sita kati ya tumbo na utumbo mpana kunaonyesha kazi ilivyozidi ugumu. Ukuta wa utumbo mpana ni mwembamba kuliko wa tumbo, unajikunja na kupinda, unapanda na kushuka kwa pumzi za mgonjwa, na ukitoboka, uchafu unaopenya si wa kuchezewa.

Kwa nini ni vigumu hivyo? Aliyewahi kuchuna mbuzi ataelewa bila kuelezwa sana. Mkono mmoja unashika kisu, na mwingine unaivuta ngozi ili utando mweupe kati ya ngozi na nyama ukazike na kuonekana. Mkono wa kuvuta ndio unaorahisisha kazi. Kisu hugusa tu pale panapokazika. Funga mkono huo nyuma, na hata mchinjaji hodari ataharibu ngozi. Daktari wa ESD ya kawaida ana mkono mmoja tu. Kamera na kisu vinatoka kwenye bomba moja, kisu kikipita kwenye tundu lililo pembeni ya kamera, kwa hiyo akisogeza jicho kisu nacho kinasogea, na akisogeza kisu jicho linakwenda nacho. Hana cha kuinulia utando anaoukata. Hutumia kofia ndogo ya plastiki angavu iliyo nchani mwa bomba kujipenyeza chini yake, au humgeuza mgonjwa upande mwingine ili uzito wa kinyama chenyewe ukining'inize. Kazi huchukua saa moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Kisu kikikengeuka kidogo tu, utumbo unatoboka. Kutoboka hutokea mara kadhaa katika kila wagonjwa mia, mara nyingi zaidi kuliko kwa EMR, ingawa matundu mengi siku hizi huzibwa palepale kwa klipu.

Ugumu huo umezaa dhuluma ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mahali pasipo na daktari wa ESD, kinyama kikubwa kisicho saratani huondolewa kwa kukata sehemu ya utumbo. Nchini Marekani, uchambuzi wa kumbukumbu za hospitali za kuanzia 2000 hadi 2014 ulionyesha kwamba upasuaji wa vinyama visivyo saratani ulikuwa unaongezeka, katika miaka ileile ambayo mbinu za kuviondoa kwa kamera zilikuwa zinaboreshwa. Watu walipoteza sehemu ya utumbo, baadhi wakatoka na mfuko wa haja kubwa ubavuni, kwa ugonjwa ambao mikono yenye ujuzi ingeuondoa kwa njia ya haja kubwa. Watu hao ndio hoja ya kweli ya roboti. Mabingwa wa Japani walio na maelfu ya kesi mikononi wanaweza kufanya bila hiyo. Anayeihitaji ni mgonjwa anayeishi mahali ambapo bingwa hayupo.

Hadithi ya mojawapo ya roboti za mwanzo za aina hii ilianzia mezani. Mwaka 2004, jijini Singapore, mtaalamu wa endoskopi Lawrence Ho na mhandisi Louis Phee walikuwa wakila kaa wa pilipili pamoja na Sydney Chung, daktari mpasuaji wa Hong Kong. Chung ndiye aliyependekeza watazame magando ya kaa: kitu kidogo chenye nguvu, kinachoshika na kukata. Kutoka hapo wakatengeneza mashine waliyoiita MASTER. Bomba la kamera lilivishwa mikono miwili nchani, mmoja wenye koleo la kushika na mwingine wenye ndoano ya kukata kwa umeme. Daktari alikaa pembeni na kuiendesha kwa vishikio viwili, kila mwendo wa vidole vyake ukirudiwa ndani ya mgonjwa. Mwaka 2011 ilitumika kwa wagonjwa watano nchini India na Hong Kong waliokuwa na ugonjwa mchanga wa tumbo, na wote waliondolewa ugonjwa huo salama. Toleo lake jipya, EndoMaster, limejaribiwa Hong Kong kwenye utumbo mpana wa binadamu, chini ya timu ya Philip Chiu wa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong.

Wengine walichukua njia zao. Huko Strasbourg, Ufaransa, walitengeneza STRAS, wakaijaribu kwa nguruwe. Majaribio hayo yalionyesha kwamba mtu mmoja anaweza kuiendesha mashine yote peke yake. Marekani, kampuni ya Medrobotics iliruhusiwa mwaka 2017 kuuza mashine yake inayopinda kwa matumizi ya puru na sehemu ya chini ya utumbo mpana. Kampuni nyingine, EndoQuest ya Houston, imeingia kwenye majaribio ya wagonjwa. Wachina wametengeneza ya mkono mmoja wa ziada, unaopita kando ya bomba la kawaida kwa ajili ya kuvuta tu, huku daktari akikata kwa mkono wake kama alivyozoea. Kwa maoni yangu, hawa wa mwisho ndio walioielewa kazi vizuri kuliko wote. Kilichokosekana tangu mwanzo ni mkono wa kuvuta, na wao wamejenga huo tu.

Hapa niondoe dhana moja iliyoenea. Roboti hizi hazina akili ya kuamua. Hazijui kinyama ni kipi wala saratani ni ipi. Kompyuta zinazomsaidia daktari kugundua vinyama kwenye skrini ni teknolojia nyingine kabisa. Roboti ya utumbo haifanyi lolote daktari asipofanya, na daktari akikosea, itarudia kosa lake kwa uaminifu.

Ugumu wa kuijenga ni mkubwa kuliko picha za matangazo zinavyoonyesha. Utumbo mpana una urefu wa mita moja na nusu hivi, na haujanyooka. Bomba la kawaida la kolonoskopi lina unene wa takriban milimita 13 na hulegea kama inavyotakiwa. Ukishaliongezea mikono miwili, waya za kuiendesha na vijia vya kupitishia vifaa, linakuwa nene na gumu, na kulifikisha mwanzo wa utumbo, karibu na kidole tumbo, inakuwa shida kubwa. Ndiyo maana kazi nyingi za awali zimefanyika kwenye puru na upande wa kushoto, ambako ni karibu. Kuna suala la waya pia. Vidole vya roboti huvutwa kwa nyaya nyembamba zinazopita ndani ya bomba lote. Bomba likijikunja, nyaya husuguana na kuta zake, na mwendo hupotea njiani: daktari anageuza kishikio, ncha inachelewa, halafu inaruka. Wahandisi hutumia hesabu nyingi kufidia kuchelewa huko. Isitoshe, mashine nyingi hazimrudishii daktari hisia ya mkono. Anaona utando umekazika, lakini haugusi, na ukichanika atajua kwa macho baada ya kuchanika.

Basi ushahidi unasemaje? Kwa wanyama na vielelezo vya maabara, matokeo yanatia moyo: wasio wazoefu hujifunza upesi zaidi kwa mashine ya mikono miwili na hutoboa mara chache. Kwa binadamu, majaribio mengi ni madogo, yanafanywa na mabingwa kwenye vituo vya mabingwa, na huuliza kama kazi iliweza kumalizika na kama kinyama kilitoka kizima. Ni maswali ya haki kwa mashine changa. Lakini hayajibu swali la mlipaji bima wala la waziri wa afya: je, mgonjwa anapata nini kwa roboti ambacho asingekipata bila roboti?

Wakati mashine zikijengwa, madaktari wasio na fedha za roboti hawakukaa bure. Walitafuta mkono wa pili kwa vitu vya mezani. Unachukua klipu ndogo ya chuma, ileile inayotumika kuzuia damu, unaifunga uzi au kipira kidogo, unaibana kwenye ukingo wa kinyama, kisha unaibana klipu ya pili kwenye ukuta wa upande wa pili wa utumbo. Kipira kinakazika na kinyama kinanyanyuka. Utando wa submukosa unafunguka mbele ya kisu, wenye rangi ya buluu ya dawa, na mishipa ya damu ikionekana moja moja kabla haijakatwa. Huo ni mkono wa pili, na gharama yake ni klipu chache na kipira. Wajapani nao walibuni njia ya kukata tundu dogo na kujipenyeza chini ya kinyama kama kwenye mfuko, ili ukuta wenyewe uushikilie utando usilegee.

Matokeo ya mikono hiyo ya bei nafuu si ya kubezwa. Mwaka 2024 Wafaransa, wakiongozwa na Jérémie Jacques, walichapisha jaribio lililowagawa kwa kura wagonjwa wa vinyama vikubwa bapa, wengine wakafanyiwa ESD na wengine EMR ya vipande. Baada ya miezi sita, kinyama kilikuwa kimerudi kwa asilimia 0.6 ya waliofanyiwa ESD na asilimia 5.1 ya waliofanyiwa EMR. Madhara, ni kweli, yalikuwa mengi zaidi upande wa ESD. Na kwa upande wa EMR yenyewe, timu ya Michael Bourke huko Sydney ilionyesha kwamba kuchoma ukingo wa kidonda kwa ncha ya kitanzi kilekile, kazi ya dakika chache, kunashusha kurudi kwa kinyama kutoka asilimia 21 hadi 5 hivi. Hakuna mashine mpya hapo, na kitanzi tayari kipo mezani.

Kwa hiyo roboti haishindani na ESD ya mkono mmoja ya miaka ya 1990. Inashindana na klipu na kipira, na inashindana na kitanzi kinachochoma ukingo. Mpaka sasa sijaona ushahidi wa kutosha kwamba imevishinda vitu hivyo. Inaweza kuja kuvishinda, hasa kwenye vinyama vilivyokaa pabaya au vilivyogandamana kwa kovu la jaribio lililoshindikana, ambako klipu haivuti na kisu hakioni njia. Huko ningependa kuiona ikipimwa kwa haki. Kuitangaza kuwa njia ya kila mgonjwa ni kukimbilia mwisho wa kazi ambayo haijafika nusu.

Tugeukie kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, ndiye aliyeuambia ulimwengu kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini, na katika andiko lake la 1971 alihusisha jambo hilo na chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Wapo wanaoishi bado kwa kauli hiyo, wakiamini huu ni ugonjwa wa Wazungu. Daftari la saratani la Kampala lenyewe, mji uleule wa Burkitt, limeonyesha ugonjwa huu ukiongezeka kadiri miongo inavyopita. Madaktari wa Nairobi na Dar es Salaam watakwambia kwamba wagonjwa wao wengi wanafika wakiwa wamechelewa, utumbo umeziba au ugonjwa umefika kwenye ini, na wengine hawajatimiza miaka 50. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, roboti ya kutoa kinyama kichanga haina kazi. Kinyama kilikuwepo miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyekitafuta.

Pengo letu kubwa liko kwenye kutafuta. Mashine za endoskopi ni chache na nyingi ziko mijini. Zilipo, mara nyingi hukwama kwa kukosa fundi, dawa ya kusafishia au klipu. Wapatholojia ni wachache kuliko kazi. Hata ESD iliyofanywa kwa ustadi wote haina maana ikiwa kinyama kitakaa wiki nyingi kwenye chupa kikisubiri mtu wa kukisoma, au kikasomwa bila kutandazwa, pembe zake zikiwa zimejikunja. Ningetoa fedha za roboti moja kwa ajili ya mafundi wa mashine zilizopo, wapatholojia, na kipimo cha damu iliyofichika kwenye choo, ambacho hakihitaji hospitali kubwa.

Sisemi teknolojia ya juu isije kwetu. Ipo njia ambayo imeshafunguka. Taasisi ya IRCAD, iliyoanzishwa na Jacques Marescaux mjini Strasbourg mwaka 1994, mji uleule ilikotengenezwa STRAS, ndiyo iliyofanya upasuaji wa nyongo kwa masafa mnamo Septemba 2001, madaktari wakiwa New York na mgonjwa akiwa Strasbourg. Mwaka 2023 ilifungua kituo chake cha mafunzo Kigali. Daktari wa Bujumbura, Bukavu au Mwanza ana mahali pa karibu pa kujifunza upasuaji wa matundu madogo, na ombi langu kwa wanaopanga mitaala ya namna hiyo ni kuipa endoskopi ya utumbo nafasi yake. ESD inaweza kufundishwa kwa utumbo wa ng'ombe kutoka machinjioni, kwa kisu, klipu na kipira, chini ya macho ya mwalimu, bila kungoja mtu anunue mashine. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imeshaonyesha, kwa miaka mingi ya kuweka vibomba kwenye umio wa wagonjwa wa saratani, kwamba hospitali iliyo mbali na miji mikubwa inaweza kufanya endoskopi ya kiwango cha juu na kufundisha wengine.

Kuna hatari moja ya mwisho ya kuzingatia kabla ya kutia saini. Mashine za namna hii hutegemea kampuni iliyozitengeneza kwa vipuri, programu na vifaa vya kutumia mara moja tu. Teknolojia ikiwa changa, kampuni hubadilika, huuzwa au hufunga. Hospitali ya nchi tajiri itahesabu hasara na kusonga mbele. Hospitali yetu itabaki na chuma kilichofunikwa shuka kwenye kona, na deni. Anayeleta roboti aulizwe kwa maandishi nani ataitengeneza mwaka wa saba, kila mgonjwa atagharimu vifaa vya kiasi gani, na bima italipia vingapi kati ya hivyo.

Msimamo wangu basi ni huu: kinyama kikubwa kitolewe kizima kila inapowezekana, daktari apewe mkono wa pili, na kwa sasa uwe wa klipu na kipira, roboti ipimwe dhidi ya mkono huo, kwa wagonjwa wagumu, na hesabu iwekwe wazi.

Na wewe msomaji, usiisubiri mashine yoyote. Damu kwenye choo si lazima iwe bawasiri, hata kama jirani amekuhakikishia na dawa ya mitishamba imeituliza kwa wiki mbili. Choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, ukiwa na upungufu wa damu usioelezeka, au ukiwa umefikisha miaka 45, nenda ukaulizie kipimo. Kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani hii, anza ukiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliogundulika nao, lolote litakalotangulia. Mwambie daktari waziwazi kwamba ugonjwa huo umepita kwenye familia yenu, maana asipoambiwa hatajua kuuliza.